Aliokolewa kwenye moto, sasa kifua kinapiga filimbi: ni pumu kweli?

Marahaba dada yangu, na poleni sana nyumba nzima. Naomba nirudie swali lako kwa kifupi ili na wengine wajue najibu nini. Mdogo wako ana miaka 24, anaendesha bodaboda Mbagala, usiku chaja ya simu ikawasha godoro la sponji akiwa amelala, majirani wakavunja mlango wakamtoa hajitambui. Hospitali wakamwekea mpira kooni akapumulia mashine ICU siku sita. Mkono uliungua kidogo, umeshapona. Sasa ni wiki ya tano tangu arudi nyumbani, sauti bado inakwaruza, akipanda ngazi anahema na unasikia mlio kama filimbi, anakohoa, na wiki hizi mbili amekuwa msahaulifu, anauliza kitu kilekile mara tatu. Wamempa pampu ya pumu na antibayotiki raundi mbili, hakuna nafuu. Bibi anasema maziwa na nyungu, binamu anasema mapafu yameshakufa. Unauliza kama hii ni pumu, kama atapona, na kama atarudi kwenye boda.

Naanza na la haraka maana hili halitakiwi kusubiri umalize kusoma jibu lote. Mwambie akae, halafu atembee haraka haraka hadi aheme, kisha msogelee usikilize ule mlio unatoka wapi na unatoka saa ngapi. Akitoa pumzi nje, au akivuta ndani? Na ukiweka sikio karibu na shingo na baadaye kifuani, unasikika kwa nguvu wapi? Mrekodi kwa simu, video ya nusu dakika inatosha, mi nakwambia hiyo video itamsaidia daktari kuliko maelezo ya kurasa tatu. Pumu mlio wake kawaida unatoka wakati wa kutoa pumzi na unasikika kifuani kote. Mlio unaotoka wakati wa kuvuta hewa ndani, mkali, wa juu, unaosikika shingoni, huo si wa pumu mpaka ithibitishwe vinginevyo, huo ni wa njia ya hewa iliyobana huku juu, kwenye koromeo au kwenye bomba kubwa la hewa chini kidogo ya koromeo. Na mtu aliyekaa na mpira kooni siku sita, tena kwenye koo lililokuwa limeshaungua na moshi, halafu wiki kadhaa baadaye ana sauti ya kukwaruza na mlio, huyo mi sitaki kusikia neno pumu kabla ya daktari wa masikio, pua na koo kuingiza kamera aone kwa macho yake. Wiki hii hii dada, usisubiri mwisho wa mwezi.

Ntakueleza kwa nini niko mkali hapa. Ule mpira una puto dogo karibu na ncha, linajazwa hewa ili kuziba pembeni mashine isukume hewa mapafuni isivuje. Puto likibana ukuta wa bomba la hewa kupita kiasi damu haipiti vizuri pale, ngozi laini ya ndani inakufa, panatokea kidonda, na kidonda kikipona kinaweka kovu, na kovu kazi yake ni kujivuta na kukaza. Kwa mgonjwa wa kawaida hilo linatokea mara chache. Kwa mtu aliyevuta moshi ukuta wenyewe umeshachubuka na umevimba kabla mpira haujaingia, kwa hiyo hatari inapanda. Na usiwalaumu waliomwekea mpira, kwa mtu ametolewa kwenye moshi hajitambui koo linavimba saa chache baadaye, linaweza kufunga kabisa ndani ya saa 24 za mwanzo, usipoweka mpira mapema unaweza ukashindwa kuuweka baadaye, na huyo unampoteza. Mpira umemwokoa mdogo wako. Ila una bei yake na hiyo bei inakuja kudaiwa wiki au hata miezi baadaye, wakati kila mtu ameshasema kapona.

Na kovu la namna hii lina tabia moja mbaya, linakaa kimya. Bomba la hewa la mtu mzima lina upana wa kama milimita 15 hadi 20. Likibana taratibu mtu haoni kitu, anatembea vizuri, anaongea vizuri. Likifika kama milimita 8 ndo anaanza kuhema akifanya kazi au akipanda ngazi. Likifika milimita 5 anahema akiwa amekaa. Ni sawa na kunyonya uji kwa mrija, mrija ukiwa mpana huhisi kitu, ukipungua kidogo tu unaanza kukazana na shavu. Ndo maana unaweza kumwona leo anahangaika na ngazi tu, halafu apate mafua ya kawaida, makohozi yakwame pale palipobana, na usiku huo huo mkawa mnakimbizana na teksi. Na kile kidude cha kubana kidoleni kupima oksijeni kitasoma 97 au 98 muda wote huo, namba itakuja kushuka mwishoni kabisa akiwa ameshachoka, kwa hiyo mtu akikwambia "oksijeni yake iko sawa hana shida" usikubali kurudi nyumbani kwa hilo peke yake.

Hapo ndo utaelewa pia kwa nini pampu haijasaidia. Dawa ya ile pampu ya bluu inalegeza misuli midogo inayozunguka mirija ya ndani ya mapafu. Kovu halina msuli wa kulegezwa. Unaweza kupuliza hadi kopo liishe. Kovu tiba yake ni ya mikono: wanapanua kwa puto au vyuma maalum kupitia kamera, wengine wanakata kwa leza, na kama limebana sana au linarudi rudi wanafanya upasuaji wa kutoa kile kipande na kuunganisha bomba upya, na kuna wakati wanatoboa tundu shingoni kwa muda ili mtu apumue wakati mipango mingine inafanyika. Kwa Dar anza na Muhimbili, kama mnaweza kwenda na barua ya rufaa itawapunguzia kuzunguka. Kaskazini ni KCMC Moshi, Kanda ya Ziwa ni Bugando. Na kabla hujatoka nyumbani tafuta ile karatasi ya kuruhusiwa, iwe imeandikwa siku ngapi alikaa na mpira na saizi yake. Kama hamna rudini pale mlipolazwa muombe, ni haki yake mgonjwa.

Ukiona mojawapo ya haya usisubiri miadi, ni emergensi usiku ule ule: mlio unasikika akiwa amekaa tu, anashindwa kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, shimo la shingoni juu ya kifua linaingia ndani kila akivuta hewa, mate yanamtoka hawezi kumeza, midomo inabadilika rangi, au anakataa kulala chali kwa sababu anabanwa. Akiwa hivyo muache akae anavyotaka mwenyewe, usimlaze, usimpe kitu cha kunywa.

Haya, sasa tuje kwenye moshi wenyewe, maana hata kama koo litakutwa safi kabisa bado kuna mengine.

Watu wanaangalia ngozi. Mkono umeungua kidogo, umepona, basi kapona. Mapafu hayahesabiwi kwa kidonda cha nje. Kule Boston, Marekani, tarehe 28 Novemba 1942 uliungua ukumbi wa starehe wa Cocoanut Grove wakafa watu 492, na madaktari wa Massachusetts General Hospital waliowapokea majeruhi waliandika kwa kirefu jinsi njia ya hewa ilivyowasumbua na kuwaua watu, sio ngozi peke yake. Na Brazili tarehe 27 Januari 2013, klabu ya Kiss mjini Santa Maria, sponji la kuzuia sauti kwenye dari liliwaka, wakafa watu 242 na wengi wao ni moshi uliowaua, moto haukuwafikia. Naitaja hii ya Santa Maria kwa makusudi kwa sababu sponji lile ni ndugu wa godoro la mdogo wako. Sponji likiungua halitoi moshi wa kuni. Linatoa kaboni monoksaidi na sayanaidi pamoja, na masizi yenye kemikali zilizogandia juu yake, mtu amelala anavuta hayo yote kwenye chumba kimoja mlango umefungwa.

Madhara yanaingia kwa njia tatu na kila moja ina saa yake. Ya kwanza ni joto, hili linaishia juu, mdomoni, puani na kooni, kwa sababu hewa kavu inapoa haraka na koo lenyewe linajifunga likiguswa na moto, ndo maana uvimbe unakuwa hapo juu na unakuja siku ile ile ya kwanza. (Mvuke wa maji moto ni habari nyingine, unabeba joto jingi sana na unaweza kushuka nalo hadi chini, kumbuka hili nikija kwenye nyungu.) Ya pili ni kemikali, hizi zinachubua ngozi ya ndani ya mirija kuanzia bomba kubwa hadi matawi madogo. Zile zinazoyeyuka haraka kwenye maji kama amonia zinachoma macho na koo, mtu anakimbia, anajiokoa. Zile zisizoyeyuka haraka kama naitrojeni dayoksaidi haziumi sana mwanzoni, mtu anazivuta hadi chini kabisa, anakwenda nyumbani, na maji yanajaa mapafuni saa kadhaa baadaye, hata kesho yake. Ya tatu ni sumu ya kwenye damu, ile kaboni monoksaidi na sayanaidi, hizi hazichubui kitu, zinanyima mwili oksijeni, na wa kwanza kulia ni ubongo na moyo.

Wiki ya kwanza mdogo wako alipita kwenye hatari ambayo pengine hamkuelezwa. Ile ngozi ya ndani iliyochubuka inabanduka, inachanganyika na ute na damu iliyoganda, inatengeneza vipande vinavyoziba mirija, nyuma ya palipoziba pafu linasinyaa na bakteria wanapata makazi, ndo nimonia inakuja. Makohozi meusi yanayotoka siku za mwanzo ni masizi pamoja na hivyo vipande vikitoka. Vile vijinyweleo vidogo vinavyofagia uchafu kutoka mapafuni navyo vilikuwa vimeungua, vinahitaji wiki kadhaa kuota upya, kwa hiyo kikohozi kwa mwezi au miwili ni kawaida, kohozi linatakiwa kutoka na asizuiwe kwa sirapu za kuzima kikohozi. Ila makohozi yakigeuka ya kijani mengi na homa juu, au yakiwa na damu, hilo si la kawaida arudi hospitali.

Antibayotiki raundi mbili. Hapa naomba tuelewane. Mapafu yaliyochomwa na moshi hayana bakteria kwa sababu tu yanakohoa, antibayotiki haziharakishi ngozi kuota na kuzitoa "kwa kinga" baada ya kuvuta moshi hakujaonekana kusaidia, kinachobaki ni wadudu sugu, na siku akipata nimonia ya kweli dawa rahisi zitakuwa zimeshaliwa. Asipewe raundi ya tatu bila homa, bila makohozi kupimwa, bila eksirei inayoonyesha kitu.

Na kwa kuwa anakohoa zaidi ya wiki mbili watampima TB, mwache apimwe, atoe makohozi vizuri asubuhi, ni kipimo kizuri na kwa nchi yetu ni lazima kufikiria TB kila wakati. Ninachokataa ni mtu kuanzishiwa dawa za TB miezi sita kwa sababu eksirei ina "madoa" tu na kipimo cha makohozi hakina kitu, wakati historia ya moto wa wiki tano zilizopita imekaa pale wazi na hakuna aliyeiuliza. Kila daktari mtakayemwona, sentensi ya kwanza iwe: alitolewa kwenye moto wa godoro, hajitambui, alikaa na mpira siku sita. Wengi wanaanza na "anakohoa daktari" na mazungumzo yanaenda upande mwingine kabisa.

Sasa tuseme koo limeangaliwa na liko wazi. Filimbi inatoka kifuani, akitoa pumzi. Kuna mambo mawili makubwa hapo na yanatofautiana sana. La kwanza ni mirija kuwa na hasira, yaani mtu ambaye hajawahi kuwa na pumu maisha yake yote anavuta dozi kubwa ya moshi au gesi mara moja tu, na ndani ya saa 24 anaanza kubanwa na kupiga filimbi, na inaendelea miezi mitatu au zaidi, kila harufu kali, vumbi, baridi ya alfajiri inamfunga. Hali hii ilielezwa rasmi mwaka 1985 na inatibiwa karibu kama pumu. Lakini angalia, kama pumu maana yake pampu ya kutuliza uvimbe kila siku, ile yenye steroidi ya kuvuta, sio ile ya bluu ya kuokoa peke yake. Nimeona wagonjwa wengi wamepewa ya bluu tu wanapuliza asubuhi hadi jioni na uvimbe uko palepale. Halafu apulize kwa kutumia lile chupa la kukaa katikati ya pampu na mdomo, hata chupa ya maji ya plastiki iliyotobolewa vizuri inafaa, maana mtu mwenye koo linalokwaruza dawa nyingi inaishia mdomoni. Akimaliza ya steroidi asukutue mdomo.

La pili ni zito zaidi: ile mirija midogo kabisa ya mwisho inapona kwa kovu, inaziba moja moja. Hii kwa kawaida inajitokeza wiki mbili hadi nane baada ya tukio, mara nyingi mtu alikuwa ameanza kupata nafuu halafu anageuka anarudi nyuma, pumzi inapungua kila wiki, pampu haimsaidii, na eksirei inaweza kutoka safi kabisa. Ndo inavyodanganya watu. Inaonekana kwa siti skani, tena ile ya kupigwa akiwa ametoa pumzi yote nje, ambapo unaona vipande vya pafu vimeshikilia hewa haitoki. Haitokei kwa wengi, nasema hivi usije ukakosa usingizi, ila ikiwepo ni bora ijulikane mapema kwa sababu kovu likishakaa halirudi, unachoweza ni kulizuia lisiendelee.

Kipimo kinachotenganisha haya yote ni kupuliza kwenye spirometri. Unavuta hewa yote, unapuliza kwa nguvu hadi iishe, mara tatu, halafu unapewa dawa ya kufungua mirija unapuliza tena. Namba ikipanda vizuri baada ya dawa, asilimia 12 na zaidi na mililita 200 au zaidi, mirija inafunguka, unafikiria upande wa pumu. Isipopanda kabisa, fikiria kovu la chini. Na kuna mchoro unaotoka pamoja na namba, mchoro huo ukiwa umekatwa juu kama meza badala ya kuwa na kilele, daktari mwenye jicho anajua tatizo liko kooni au kwenye bomba kubwa, unaona jinsi kipimo kimoja cha robo saa kinavyoweza kukuokolea miezi ya kubahatisha dawa. Bei yake ukilinganisha na siti skani ni ndogo. Ombeni hicho. Kirudiwe baada ya miezi mitatu na tena miezi sita, namba moja peke yake haisemi anakwenda wapi.

Kuna na la tatu la kuja mbele ya safari, mirija kupanuka na kulegea baada ya maambukizi ya kujirudia, mtu anatoa makohozi kikombe kizima kila asubuhi miezi na miezi. Kama atafika huko utaliona, kwa sasa halipo kwenye maelezo yako.

Usahaulifu. Hili ulilitaja mwishoni kama jambo dogo na kwangu mimi ni la pili kwa uzito baada ya koo. Kaboni monoksaidi inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, mtu akitolewa anapewa oksijeni nyingi ili itoke haraka, kwa hewa ya kawaida inachukua saa 4 hadi 5 kupungua nusu, kwa oksijeni safi ni kama saa moja na nusu au chini ya hapo. Anaamka, anaongea, anawatambua, mnafurahi. Lakini kwa baadhi ya watu, hasa waliopoteza fahamu, ubongo unaonyesha madhara kwa kuchelewa, kuanzia siku chache hadi kama siku 40 baadaye. Anakuwa msahaulifu, mzito wa mawazo, hasira zisizo zake, anatembea hatua fupi fupi, wengine wanajikojolea. Familia nyingi zinasema ni mshtuko, au kalogwa, au ni mvivu tu hataki kurudi kazini. Mdogo wako yuko ndani ya muda huo huo, kwa hiyo aonwe na daktari wa mishipa ya fahamu, ikiwezekana apigwe picha ya ubongo ya emaarai. Habari njema ni kwamba wengi wanaopata hali hii wanapata nafuu kubwa ndani ya mwaka. Kwa sasa mwandikie vitu, mpangie dawa kwa siku, asiachiwe jiko wala hela nyingi, na msimcheke wala kumgombeza anaporudia swali.

Pia muulize taratibu kuhusu usingizi. Mtu aliyeamka ndani ya moto anaweza kuwa anaogopa kufunga mlango, anaota, akisikia harufu ya mkaa pumzi inakata. Kuna kubanwa kwingine kunatoka hapo, nyuzi za sauti zinafunga zenyewe kwa hofu wakati anavuta hewa, na zinatoa mlio unaofanana kabisa na wa kovu. Ni ugonjwa wa kweli, hajifanyishi, unatibiwa kwa mazoezi ya kupumua na ushauri nasaha, ila asiambiwe ni hofu kabla kamera haijapita kooni. Huo utaratibu usigeuzwe.

Maziwa. Namheshimu bibi na maziwa ni chakula kizuri, mdogo wako alipungua uzito ICU anahitaji mayai, maharage, samaki, maziwa pia anywe. Lakini yanapita njia ya chakula yanaingia tumboni, mapafuni hayafiki na hayaoshi sumu yoyote. Na mtu aliyetoka kwenye moshi saa ile ile, hajitambui vizuri au koo linavimba, ukimnywesha maziwa anapaliwa yanaingia mapafuni, hapo umemwongezea nimonia juu ya moshi. Hili nawaomba wote mnaosoma mlifikishe nyumbani kwenu.

Nyungu hapana. Kabisa. Najua wengi waliizoea sana kipindi cha korona. Nimesema juu kwamba mvuke unabeba joto hadi chini, sasa fikiria ngozi changa ndo inaota kwenye mirija halafu unamfunika blanketi na sufuria la maji yanayochemka na majani ya mkaratusi, mafuta yake makali yanaamsha ile hasira ya mirija, na mtu mwenye koo lililobana akivimba kidogo tu humo ndani ya blanketi hakuna atakayemwona. Makohozi yakiwa mazito anywe maji ya kutosha, na hospitali wanaweza kumpa mvuke wa maji ya chumvi kwa nebulaiza, huo si wa moto.

Nyumbani kwenu mnapikia nini? Kama ni mkaa ndani au barazani karibu na dirisha lake, hamisheni, au yeye alale upande mwingine. Sigara, bangi, shisha asiguse na mtu asivute karibu yake. Udi na dawa za mbu za kuwasha zote nje. Choo kisioshwe kwa kuchanganya Jik na dawa ya choo yenye asidi, mchanganyiko ule unatoa gesi ya klorini na hata mtu mwenye mapafu mazima anaweza kulazwa. Jiko la mkaa halilali chumbani na watu, hata kama ni msimu wa baridi na mkaa umeshakuwa mwekundu hauna moshi, kaboni monoksaidi haionekani na haina harufu.

Kuhusu binamu na "mapafu yameshakufa", hapana. Kijana wa miaka 24 ambaye hakuwa mvutaji ana nafasi nzuri sana. Wengi waliovuta moshi na kupona wiki za mwanzo mapafu yao yanarudi karibu na kawaida ndani ya miezi kadhaa. Atembee kila siku, mwanzoni dakika 10 kwa mwendo ambao anaweza kuongea huku anatembea, aongeze kila wiki, kama kuna mtaalamu wa fiziotherapia amfundishe kukohoa kwa nguvu kutoka chini na kupumua kwa tumbo. Mazoezi ya kukimbia yasubiri kamera ya koo.

Na boda isubiri. Sababu si kifua peke yake. Vumbi na moshi wa magari barabara ya Kilwa vitamrudisha nyuma, hilo ni kweli na barakoa inasaidia kiasi tu, lakini kinachonitisha zaidi ni ule usahaulifu, mtu anayesahau swali alilouliza dakika mbili zilizopita asibebe abiria wala asijibebe mwenyewe kwenye pikipiki. Kama pikipiki ni ya mkataba ongea wewe na mwenye nayo, mpelekee karatasi ya hospitali, muombe kijana mwingine aiendeshe kwa miezi mitatu hivi hesabu isisimame. Baada ya koo kuangaliwa, spirometri kurudiwa na daktari wa mishipa ya fahamu kusema kichwa kiko sawa, ndo mzungumzie funguo.

Ile video ya mlio irekodi leo jioni.